Nyasi au miti kando ya kijito: kipi kitayalinda maji dhidi ya uchafu wa shambani?

Siku ya mvua kubwa, vaa mabuti uende ukasimame pale shamba linapokutana na kijito. Fanya hivyo kabla hujanunua mche hata mmoja wala kumwaga mbegu yoyote ya nyasi. Tazama maji yanaingiaje.

Ukiyaona yakishuka juu ya ardhi, mazito, yenye rangi ya udongo uliolimwa juzi, basi shida yako kubwa ni udongo wenyewe pamoja na vyote vilivyong'ang'ania chembe zake: fosforasi (kirutubisho kilichomo kwenye mbolea), samadi, baadhi ya viuatilifu. Ukiona ardhi imekunywa mvua yote na kijito kimebaki cheupe, usifurahi haraka. Naitreti inayotokana na mbolea haina rangi wala harufu. Huzama na maji, husafiri chini kwa chini, kisha hutokeza kijitoni baada ya wiki, miezi, hata miaka. Kijito kinaweza kung'aa kama kioo huku kimebeba mbolea ya misimu iliyopita.

Nimeanzia hapo kwa sababu watu wengi huuliza nyasi au miti kana kwamba ni mashindano ya mimea miwili. Mimea hii hufanya kazi tofauti katika njia tofauti za maji, na anayechagua bila kujua maji yake yanapita njia ipi anaweza kupanda vizuri, akatunza vizuri, na bado asiokoe kitu. Nitailinganisha kwa uchafu mmoja mmoja, kisha nitasema ningepanda nini.

Udongo unaotiririka juu ya ardhi

Hapa nyasi zinaongoza, na si kwa pengo dogo. Maji ya mvua yakishuka shambani yana mwendo, na mwendo ndio unaobeba udongo. Yakikutana na maelfu ya mashina yaliyosongamana yanapunguza kasi, yanajikusanya kidogo upande wa juu wa ukanda wa nyasi ulio kati ya shamba na kijito, kama yaliyofika kwenye kizingiti, na mzigo unaanza kushuka.

Kinachoshuka kwanza ni mchanga. Mita chache tu za nyasi nene zinatosha kuunasa sehemu kubwa. Udongo wa mfinyanzi ni habari nyingine kabisa: chembe zake ni ndogo kuliko milimita 0.002, na kadiri chembe inavyokuwa ndogo ndivyo inavyochelewa kuzama, tena kwa kipimo kikali. Chembe yenye kipenyo kidogo mara 10 kuliko nyingine huzama polepole zaidi mara 100. Mfinyanzi hauna muda wa kutua katika ukanda wa mita 5. Njia ya kuukamata ni kuyafanya maji yenyewe yaingie ardhini, na hilo linahitaji udongo wenye vinyweleo, mizizi mingi na wadudu wanaotoboatoboa, pamoja na upana zaidi. Mwenye udongo wa kichanga anaweza kuridhika na ukanda mwembamba. Mwenye mfinyanzi asijidanganye.

Miti inashindwa wapi? Chini yake. Msitu wa zamani wenye zulia nene la majani makavu na vichaka hunasa udongo vizuri sana. Lakini safu za miti michanga iliyopandwa kwa kubanana mara nyingi huua kila kitu kilichokuwa kikiota chini, kivuli kikitanda na ardhi ikibaki wazi. Maji yanapita katikati ya mashina hayo kama yanavyopita barazani. Mikaratusi inasifika vibaya kwa hili, mbali na kiu yake ya maji. Nimewahi kusimama kwenye kishamba cha miti kando ya maji ambacho kwa mbali kilionekana ni hifadhi hasa, na ndani yake mifereji midogo ilikuwa imechimbika kutoka upande wa shamba hadi ukingoni. Iliniuma, maana aliyepanda alikuwa amejitolea ardhi yake kwa nia safi.

Ushahidi wa nguvu ya nyasi ni mzuri. Katika jimbo la Iowa, Marekani, watafiti waligeuza asilimia 10 ya maeneo ya mahindi na soya kuwa kanda za nyasi na maua ya asili, nyingine chini ya mteremko na nyingine ndani ya shamba kwa kukinga mteremko. Udongo uliokuwa ukipotea ulipungua kwa takriban asilimia 95. Zingatia neno ndani ya shamba. Ukanda wa pembeni ya kijito ni mlinzi wa mwisho, na mlinzi wa mwisho akiachiwa kazi yote huzidiwa.

Jambo moja ambalo vitabu vingi hulipita haraka: ukanda wa nyasi unaofanya kazi hujiharibu wenyewe. Udongo unaonaswa hujikusanya ukingo wa juu, na baada ya misimu kadhaa unakuwa tuta. Maji hayaingii tena kwenye nyasi, yanalifuata tuta hilo hadi yapate mwanya, kisha yanapasua mahali pamoja. Lazima ulisawazishe, uurudishe udongo shambani, upande upya palipofukiwa. Ukinunua mbegu bila kupanga kazi hiyo, umenunua nusu.

Fosforasi

Fosforasi nyingi husafiri imeshikamana na chembe za udongo, kwa hiyo kilichosemwa juu ya udongo kinaihusu: nyasi kwanza. Tatizo ni ile iliyoyeyuka. Hiyo hupita katikati ya mashina bila kusimama, na ndiyo mwani huipokea upesi zaidi. Mwezi Agosti 2014 karibu watu nusu milioni katika mji wa Toledo, Marekani, na vitongoji vyake, kando ya Ziwa Erie, waliambiwa wasinywe maji ya bomba kwa siku kadhaa kwa sababu ya sumu ya bakteria wa kijani-buluu waliokuwa wamestawi ziwani. Kilichowalisha kwa sehemu kubwa ni fosforasi ya mashambani, na sehemu yake muhimu ilikuwa katika hali ya kuyeyuka.

Tena fosforasi haigeuki kuwa hewa ikapotea. Inayoingia kwenye ukanda inabaki kwenye ukanda. Mwaka hadi mwaka udongo wa hapo unajaa, mpaka siku moja unaanza kuiachia yenyewe kijitoni. Mlango wa kuitoa ni mmoja: kukata mimea na kuiondoa. Nyasi zina faida ya wazi hapa, kwani zinakatwa mara kwa mara na kuchipua tena. Ila zikikatwa zikaachwa papo hapo zioze, fosforasi imerudi ilikotoka. Miti nayo huihifadhi kwenye magogo na matawi kwa miaka mingi, na ukivuna mti mmoja mmoja kwa uangalifu unatoa kiasi fulani, lakini kasi yake ni ndogo.

Kusema kweli, kama shamba lenyewe limejaa fosforasi kupita mahitaji ya mazao, hakuna ukanda utakaoliokoa. Pima udongo, punguza mbolea, ndipo uje kwenye mimea ya kingo.

Naitreti, mgeni asiyeonekana

Mizani inageukia miti. Chembe nyingi za udongo zina chaji hasi, na naitreti nayo ina chaji hasi, kwa hiyo hazishikani. Naitreti inateremka na maji kama chumvi kwenye chai. Kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani limekiweka kwa maji ya kunywa ni miligramu 50 za naitreti kwa lita, na sababu kubwa ni watoto wachanga: naitreti ikizidi kwenye maji ya kutengenezea maziwa yao, damu inapungukiwa uwezo wa kubeba oksijeni, mtoto anabadilika rangi na kuwa wa buluu.

Nyasi zilizosongamana juu ya ardhi haziwezi kukizuia kitu kinachopita chini yake. Kinachohitajika ni mizizi inayofika kwenye maji ya ardhini, na udongo uliolowa, usio na oksijeni, wenye mabaki mengi ya mimea. Katika hali hiyo kuna bakteria ambao, wakikosa oksijeni ya kupumua, huitumia ile iliyo ndani ya naitreti. Wakimaliza, kinachobaki ni gesi ya naitrojeni, ileile inayofanya asilimia 78 ya hewa tunayovuta. Uchafu umeondoka kabisa, haukuhifadhiwa mahali. Ninapenda sana sehemu hii ya kazi ya kingo za mito, kwa kuwa ndiyo pekee ambamo uchafu wenyewe unakwisha. Kuna gharama moja: bakteria wasipoimaliza kazi, sehemu ya naitreti hutoka kama oksidi ya naitrojeni, gesi inayoongeza joto la dunia.

Miti huwalisha bakteria hao kwa majani yanayoanguka na mizizi inayokufa kwa kina, na yenyewe hunyonya naitreti pia. Mwaka 1984 ulichapishwa utafiti uliokuja kuwa nguzo ya fani hii, kutoka bonde dogo la Rhode River, Maryland, Marekani, ambako mashamba ya mahindi yalikuwa yamepakana na msitu wa kando ya kijito. Msitu ule ulibakiza asilimia 89 ya naitrojeni iliyouingia na asilimia 80 ya fosforasi, na sehemu kubwa ya kazi ilifanyika katika mita 19 za kwanza.

Hata hivyo, ningeomba mtu asiusome utafiti huo kama hati ya dhamana. Pale chini kulikuwa na tabaka gumu lisilopitisha maji, likayalazimisha maji ya ardhini kupita juujuu, katikati ya mizizi. Penye mchanga mzito ambako maji huzama mita nyingi na kuibukia chini ya sakafu ya kijito, mti na nyasi vyote vinatazama tu yakipita. Na penye ardhi oevu ya asili, nyasi na matete vinaweza kuiondoa naitreti vizuri vilevile, maana bakteria hawajali chakula chao kimetoka kwenye mti au kwenye tete. Kwa naitreti, mahali pana uzito kuliko mmea. Chimba shimo ukingoni wakati wa mvua: ukikuta maji kwenye kina cha nusu mita hadi mita moja, na udongo wa kijivu wenye madoa ya kutu, uko mahali pazuri.

Tahadhari nyingine ni ya aina ya mti. Miti inayojitengenezea naitrojeni mizizini, kama ile ya jamii ya mikunde, ni baraka shambani, lakini kuijaza ukingoni kunaweza kuongeza naitreti ileile unayojaribu kuizuia. Ichanganye na mingine, isiwe mingi.

Kijito chenyewe

Hadi hapa nimeongea juu ya kuzuia. Kijito nacho kina uwezo wa kujisafisha kikiwa hai, na hapo nyasi hazina jibu la kivuli isipokuwa kwa mfereji mwembamba kabisa. Maji ya nyuzi joto 10 yanaweza kubeba miligramu 11 hivi za oksijeni kwa lita, ya nyuzi 20 hubeba kama 9, ya nyuzi 30 hayafiki 8. Ondoa miti, jua lipige moja kwa moja, na kijito kinapoteza pumzi wakati huohuo mwani unapata mwanga wa kustawi kwa mbolea iliyopenya. Majani yanayoanguka ni chakula cha wadudu wa majini, na wadudu hao ni chakula cha samaki. Kingo pia: mizizi ya miti kama mierebi hushika ukuta wa udongo kwa kina ambacho nyasi nyingi hazifiki, ingawa kwenye kijito kidogo chenye kingo fupi nyasi zenye mizizi mirefu, vetiva kwa mfano, zinatosha.

Kuna jambo linalowashangaza wengi: kijito kilichopita msituni huwa kipana kuliko kilichozungukwa na nyasi. Nyasi husonga ndani, hunasa mashapo kingoni, na mkondo unabanwa. Mtu akiuona umebanwa hudhani ni dalili ya ulinzi, kumbe sakafu ya kijito, mahali ambapo viumbe wadogo wanafanya kazi ya kusafisha maji, imepungua.

Mifugo

Nitakuwa mfupi. Bila uzio, chaguo halipo. Ng'ombe akinywa ndani ya kijito hukanyaga kingo na kuacha kinyesi majini, na hakuna ukanda unaochuja kinachodondoka moja kwa moja. Miti isiyo na uzio inaweza hata kuzidisha ubaya, kwa kuwa wanyama hukusanyika kivulini saa za jua na ukanda unageuka zizi. Weka hori la maji mbali na ukingo kwanza, panda baadaye.

Upana, muda na jasho

Nyasi zinaweza kufanya kazi ndani ya msimu mmoja au miwili. Miti inahitaji palizi kwa miaka mitatu hivi ya mwanzo, na kivuli cha maana juu ya maji huchukua miaka kumi au zaidi. Aliyekodi ardhi kwa misimu miwili atachagua nyasi na simlaumu.

Ardhi inayotolewa ni rahisi kuhesabu. Ukanda wa mita 10 kwenye ukingo mmoja wenye urefu wa kilomita 1 ni hekta 1 kamili. Nyasi za mita 5 hadi 10 hunasa udongo mwingi kwenye mteremko wa wastani, na mteremko ukiwa mkali unahitaji zaidi. Kwa miti, wanaolenga naitreti, joto la maji na viumbe vya kijito kwa pamoja hutaja mita 30. Jimbo la Minnesota, Marekani, lilipotunga sheria yake ya kanda hizi mwaka 2015 liliweka wastani wa futi 50, yaani mita 15 hivi, kwenye maji ya umma, na futi 16.5 kwenye mifereji ya umma. Sheria hupenda upana mmoja kwa kuwa unapimika. Maji yenyewe hayashuki sawasawa, kwa hiyo wewe mwenye shamba ungepata faida zaidi ukipanua pale yanapoingia kwa wingi na kubana mahali palipoinuka.

Usisahau mazao. Mti huiba mwanga na maji kwenye mistari ya jirani. Nyasi haziibi sana, na zinalisha mifugo zikikatwa. Kwa mkulima mdogo hilo linaweza kuamua mambo yote, na ni sababu halali.

Ningepanda nini?

Vyote viwili, kwa mpangilio. Idara ya misitu ya Marekani ilichapisha mwaka 1991 mchoro wa sehemu tatu ambao bado ninauona ni bora kuliko mengi yaliyofuata. Kutoka shambani kwenda kijitoni: nyasi kama mita 6, kisha miti inayoruhusiwa kuvunwa kama mita 18, kisha miti isiyoguswa kama mita 5 ukingoni. Nyasi zinayapokea maji yakiwa na hasira, zinayatandaza na kunasa udongo. Miti ya katikati inashughulikia naitreti. Ya mwisho inashika ukingo na kutia kivuli. Ukiugeuza mpangilio huo, miti juu na nyasi chini, maji yanafika kwenye nyasi yakiwa tayari yamejichongea njia.

Asiye na ardhi ya kutosha afuate alichokiona siku ile ya mvua. Maji ya tope yakitapakaa juu ya ardhi, nyasi. Maji safi yakichuruzika kutoka ukingoni penye unyevu, chini ya shamba linalotiwa mbolea nyingi ya naitrojeni, miti na vichaka, hata kama ni mita 10 tu. Kingo zikimeguka, miti inayovumilia kukaa majini. Hapo ukipata nafasi ya safu moja ya nyasi juu yake, iongeze.

Lakini yapo mashamba mawili ambayo nisingeanza kupanda chochote. La kwanza ni lile ambalo maji yote hujikusanya kwenye korongo moja na kupasua ukanda kama kisu. Hapo, katika kila mita 100 za ukingo, mita 95 za nyasi bora hazina kazi, mita 5 zimebeba maji yote. Tawanya maji juu kwanza kwa makinga maji na matuta ya kontua, lijaze korongo, panda nyasi ngumu ndani ya njia ya maji yenyewe.

La pili ni lenye mabomba yaliyofukiwa ya kukausha ardhi. Naitreti hupita ndani ya bomba, chini ya mizizi yote, na kumwagwa kijitoni. Unaweza kuwa na msitu wa mita 30 na maji yakawa hayajaugusa. Dawa yake ni kulikata bomba kabla halijafika ukingoni, kuliwekea kisanduku cha kudhibiti kina cha maji, na kuyapeleka maji kwenye bomba jingine lenye matundu linalolala sambamba na kijito, ili yachuruzike polepole kupitia udongo wa ukanda na bakteria wake. Au uyaelekeze kwenye bwawa dogo la matete. Tembea kijitoni wakati wa ukame uhesabu midomo ya mabomba inayotiririka. Mwenye mashamba ya kurithi mara nyingi hukuta mingi kuliko alivyoambiwa, na mingine iko kwenye vifereji vidogo vya juu, vile vinavyokauka nusu ya mwaka na ambavyo hakuna aliyewahi kuviita mto.